Simu ya Marehemu Baba Ilivyonifunza Adabu

Kila nyumba, mpenzi msomaji, ina droo moja ambayo mwenye nyumba hapendi ifunguliwe mbele ya wageni. Si kwamba mna siri ndani yake. La hasha! Ni kwamba mna aibu. Kwetu droo hiyo iko chini ya meza ya runinga, na kwa miaka mingi imekuwa kaburi la kila chombo cha umeme kilichowahi kuingia nyumbani mwangu kwa shangwe kisha kikafa kimyakimya.

Jumamosi moja majuzi mama watoto alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akatoa amri. Droo ilikuwa imekataa kujifunga. Ama nitoe takataka zangu humo, ama yeye amwite yule kijana anayepita mtaani akinunua vyuma chakavu na betri kuukuu, amkabidhi droo pamoja na meza yake.

"Baba watoto," aliniambia, "hivi vitu havijafanya kazi tangu tuhamie hapa. Unangoja vifufuke?"

Nami, kama ilivyo desturi ya waume wanaoitakia nyumba yao amani, niliguna kidogo, nikaketi sakafuni na kuanza kazi.

Ukitaka kujua mtu ametumia vipi mapato yake, usimwulize. Fungua droo yake. Nilitoa chaja 11, na katika hizo 11 ni mbili tu ambazo zilikuwa na chombo cha kuchaji. Nilitoa rimoti ya runinga ambayo tuliiuza zamani. Nilitoa king'amuzi nilichokipigania dukani mwaka wa 2015, wakati matangazo ya analojia yalipozimwa nchini na watu wazima tukabaki kutazama chenga kwenye kioo kama watoto waliofiwa. Kulikuwa na kile kidude cha kuchomeka kwenye tarakilishi ili upate intaneti, ambacho zamani nilikivaa shingoni kwa uzi kama kitambulisho cha ubalozi. Kulikuwa na saa ya kuhesabu hatua, niliyoinunua mwaka ule niliokusudia kupunguza kitambi. Saa ilikufa. Kitambi ki hai.

Na visikizi, jamani! Visikizi vilivyojikunja vikawa fundo moja, kimoja kikisikika sikio la kushoto pekee, kingine la kulia pekee. Niliwahi kumwambia mama watoto kwamba siku moja nitaviunganisha viwe kitu kimoja kizima. Alinitazama tu.

Nisikuchoshe. Jambo la kuudhi ni kwamba kila kimojawapo cha vitu hivyo kilikuwa na siku yake ya heshima. Nakumbuka jinsi nilivyokitoa kwenye sanduku, nikaibandua ile karatasi laini ya kiooni kwa ncha ya ukucha, watoto wakinizunguka. Leo nilikuwa navirusha kwenye gunia kama maganda ya ndizi. Wala si mimi peke yangu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilisema kwamba ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme katika mwaka wa 2022 pekee, na kwamba hata robo yake haikujulikana kuwa ilikusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Nilipoisoma ripoti hiyo nililaumu mataifa makubwa. Jumamosi hiyo nilitambua kuwa nami nina mchango wangu, mdogo lakini wa dhati.

Ndipo mkono wangu ulipogusa kitu kilichofungwa kwenye leso, chini kabisa ya droo, pembeni. Nilikijua kabla sijakitazama.

Kitu ndani ya leso

Ilikuwa simu ya marehemu baba.

Wasomaji wa rika langu wataijua ukiitaja tu: Nokia 1100, ile ya tochi kichwani, tuliyoiita mulika mwizi. Ilitoka mwaka wa 2003 na inasemekana ni miongoni mwa simu zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani, zaidi ya milioni 250. Haikuwa na kamera wala intaneti. Ilitengenezewa watu wa vumbi na jasho: vibonye vyake vilifunikwa kwa ngozi moja nzima ili uchafu usipenye, na ubavuni ilikwaruza kidogo ili isiteleze mkononi.

Baba aliinunua mwaka wa 2005, baada ya kiwanda cha kahawa kulipa wakulima. Kwetu ni Kirinyaga, upande wa Kerugoya, na wakati huo mtu kumiliki simu ya mkono kijijini lilikuwa jambo la kuzungumziwa. Jioni ile alirudi nayo ndani ya mfuko wa koti, mfuko umefungwa kwa pini. Hakuitoa mpaka tulipomaliza kula. Kisha aliiwasha ile tochi, akamulika dari, kuta, kuku waliolala jikoni, na hatimaye uso wa mama. Mama akasema, "Na sasa umeme umeingia kwetu." Tulicheka, kwa sababu umeme wa nguzo ulikuwa bado haujatufikia. Simu yenyewe ilikuwa ikipelekwa sokoni kuchajiwa kwa shilingi 20, nawe ukiiacha unapewa kijikaratasi chenye nambari, sawa na anayeacha nguo kwa dobi.

Baba alifariki Septemba mwaka wa 2013. Wazee walipogawa vitu vyake, kaka yangu mkubwa alichukua koti na panga, dada akachukua redio, nami nikapewa simu. Walisema mimi ndimi msomi wa mambo ya mitambo. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaifunga kwenye leso, na kwa zaidi ya miaka 10 sikuiwasha hata mara moja.

Mama watoto alidhani ni kumbukumbu tu. Sikuwahi kumweleza sababu hasa, na leo nawaeleza ninyi nyote kwa pamoja.

Siku tisa kabla hajafa, baba alinipigia simu saa nne asubuhi. Nilikuwa mkutanoni, bado mgeni kazini, mhariri akituuliza mmoja mmoja tumeleta nini. Simu ilitetemeka mfukoni nikaikata. Ikatetemeka tena nikaikata tena. Kisha nikaandika arafa chini ya meza: "Niko kazini baba nitakupigia." Sikumpigia siku hiyo. Kesho yake nilikumbuka usiku sana nikasema mzee amelala. Siku zilizofuata sina hata kisingizio cha kukupa. Siku ya tisa aliyenipigia ni kaka, na sauti yake ilipotoka tu nilijua.

Sasa unaelewa. Ujumbe ule ulikuwa ndani ya simu ile. Na simu zile zilikuwa na alama: arafa iliyosomwa ina bahasha iliyofunguliwa, na ambayo haijasomwa ina bahasha iliyofungwa. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa naogopa bahasha. Kama imefungwa, basi mzee alikufa akidhani mwanawe alimkatia simu mara mbili bila neno. Kama imefunguliwa, basi alikufa akingoja ahadi. Sikujua lipi lingekuwa afadhali, kwa hivyo niliacha zote mbili ndani ya leso.

Mwaka wa 2016 niliwahi kuipiga nambari yake, sijui kwa nini. Iliitika! Moyo uliniruka. Alikuwa mwanamke mpole, akaniambia laini hiyo ni yake, aliinunua miezi michache iliyopita. Nambari isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine. Nilimwomba radhi, naye akaniuliza kama nilikuwa namtafuta mzee fulani, maana hata wengine humpigia wakimtafuta. Nilikata.

Fundi wa Luthuli

"Hii tuitupe?" mama watoto aliuliza, ameshika gunia.

Nilisema hapana. Binti yetu wa miaka 9 alikuwa amekwisha kuinyakua. Akaibonyabonya, akauliza kioo chake kiko wapi. Nilimwonyesha. "Hicho kidogo hivyo?" Kisha akaniuliza swali ambalo watu wazima hawangethubutu kuuliza: "Guka alikuwa anaongea nini humu?"

Nikaona nimeogopa vya kutosha.

Nilipofungua mgongo wa simu nilikuta betri imefura kama andazi. Hapa nitoe onyo, mpenzi msomaji, kwani si wengi wanaolijua jambo hili. Betri hizi za lithiamu zikizeeka au zikipata joto jingi hutengeneza gesi ndani kwa ndani, zikafura. Betri ya namna hiyo haitobolewi kwa sindano, haibonyezwi ili irudi, haichajiwi, wala haitupwi jikoni penye moto. Inaweza kuwaka. Usiirushe jalalani pamoja na maganda ya viazi. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za vyombo vya umeme, au angalau kwa fundi anayewajua.

Jumatatu nilishuka mjini hadi barabara ya Luthuli, Nairobi. Mwenye kuifahamu Luthuli hahitaji kuelezwa. Spika zinanguruma kutoka kila mlango, kila mmoja na wimbo wake, na kati ya duka na duka kuna vijana wenye meza ndogo za kioo, hadubini na kifaa cha kulehemu chenye ncha kama ya penseli. Niliyempata alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipoiona ile simu alicheka, akawaita wenzake.

"Mkubwa, hii umetoa makumbusho?"

Nilimwambia ni ya marehemu baba yangu. Kicheko kikakoma. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea.

Alinieleza, nami nikajifunza. Alisema nisihofu kuhusu arafa zenyewe, kwa sababu kumbukumbu ya simu haihitaji umeme ili ihifadhi kitu. Umeme ni wa kuandika na kusoma tu. Nyingine huwa zimehifadhiwa kwenye kadi ya laini. Kinachoua simu za aina hii ni kutu. Unyevu huingia, ukala zile njia nyembamba za shaba. Alifungua skrubu, akasugua ndani kwa mswaki uliochovywa spiriti, polepole, kama mtu anayemsafisha mtoto kidonda. Lile vumbi jekundu la kwetu lilitoka. Nilitaka kumwambia asilifute lote.

Betri je? Hapo alinishangaza. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa redio ndogo ya Kichina, ile ambayo wazee na walinzi wa usiku huifunga kiunoni, akafungua mgongo wake na kuchomoa betri. "BL-5C," alisema. "Simu zilikwisha, betri ikabaki. Redio hizi zote hutumia hii hii." Naam! Mwili wa simu umezikwa lakini moyo wake unaendelea kupiga ndani ya redio za walinzi. Aliitia ndani, akabonyeza kile kibonye cha juu, na kioo kikawaka rangi ya kijani-manjano. Mikono miwili ikanyooshwa, mkubwa na mdogo, ikashikana kama ilivyokuwa ikifanya zamani.

Kisha ikadai nambari ya siri.

Majaribio matatu

Sikuwa nimelifikiria hilo. Baba alikuwa ameifunga kadi ya laini kwa tarakimu nne, na kadi hizi zina sheria kali: unapewa nafasi tatu. Ukikosea ya tatu, kadi hujifunga na kudai nambari nyingine ya tarakimu 8, iliyoandikwa kwenye karatasi ya siku laini iliponunuliwa. Karatasi hiyo baba aliitia kwenye pakiti, na pakiti ilikwisha kuliwa na mchwa pamoja na ghala nzima.

"Fikiria vizuri, mkubwa," fundi alisema, akaondoa mikono yake mezani kabisa.

Niliandika mwaka aliozaliwa, 1948. Ikakataa.

Kisha, na hapa naona haya kusema, niliandika mwaka niliozaliwa mimi. Mimi ndimi kitinda mimba. Siku zote niliamini kwamba moyoni mwa mzee nilikuwa na kigoda changu peke yangu. Ikakataa.

Ikabaki nafasi moja. Niliketi kwenye kigoda cha fundi kwa muda, spika zikinguruma, kisha nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilimpigia mama.

Alikuwa shambani. Nilipomweleza, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," alisema, "mbona unamwamsha mtu aliyelala?"

"Mama, nataka tu kuona kitu kimoja."

"Nakijua unachotaka kuona."

Sikuwa na la kusema. Sikuwahi kumweleza mama habari ya simu niliyoikata.

"Jaribu nambari ya kahawa," alisema. "Baba yako hakuwa na nambari nyingine kichwani." Akanitajia ile nambari ya uanachama kiwandani, tarakimu nne, bila kusitasita, kama mtu anayesali Baba Yetu. Kwa miaka zaidi ya 30 ndiyo iliyoandikwa kwenye magunia, kwenye vijikaratasi vya mizani, kwenye kila senti iliyotusomesha. Niliibonyeza tarakimu moja moja. Fundi alikuwa ameshika pumzi, nami vilevile.

Simu ilifunguka.

Arafa saba

Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba simu zile hazikuwa na nafasi ya kuchezea. Arafa zikijaa, bahasha ilianza kupepesa juu ya kioo, na hakuna ujumbe mwingine ungeingia mpaka ufute. Kwa hivyo kila mtu alilazimika kuamua: hii ikae, hii iende. Baba aliamua kwa miaka minane. Mwishoni alikuwa amebakisha arafa saba.

Moja ilitoka kwa kaka, ya siku mjukuu wa kwanza alipozaliwa. Moja ilitoka kwa karani, kutangaza malipo ya kahawa ya mwaka mzuri. Moja ilitoka kwa dada, maneno mawili tu: "Nimepita baba." Ilikuwa ya mtihani. Moja ilikuwa tupu kabisa, haina hata herufi, nayo ilitoka kwa simu ya mama. Baadaye mama aliniambia kwamba ndiyo siku aliyokuwa akijifunza kutuma.

Tatu zilikuwa zangu.

Ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa 2008, siku niliyoingia Nairobi kusomea uandishi wa habari: "Baba nimefika salama. Nimepata pa kulala." Ya pili ilikuwa ile inayotumwa na M-Pesa yenyewe. Huduma hiyo ilikuwa imeanza mwaka wa 2007, na mwaka wa 2009, nikiwa mwanagenzi katika gazeti, nilimtumia baba shilingi 300. Shilingi 300 tu! Alizitoa na kuzitumia siku nyingi, lakini ile taarifa ya kwamba amepokea kutoka kwa mwanawe hakuifuta.

Ya tatu ilikuwa "Niko kazini baba nitakupigia."

Bahasha yake ilikuwa wazi. Aliisoma.

Nitasema ukweli, niliinamisha uso mezani pa fundi wa watu. Yule kijana hakusema neno. Aligeuka akajifanya anatafuta skrubu.

Jioni nilimpigia mama tena, nikamweleza yote, pamoja na lile la kukata simu mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanieleza nisichokijua. Alisema kwamba baba alipoupata ujumbe ule alivaa miwani akausoma, akampa mama ausome, kisha akachukua kofia akaenda kiwandani, ingawa haikuwa siku ya kupeleka kahawa. Alipofika huko alimwonyesha kila mzee aliyemkuta. Si kwa sababu ya "nitakupigia." Ni kwa sababu ya yale maneno mawili ya mwanzo. "Niko kazini." Alikuwa akiwaambia, someni wenyewe, mwanangu yuko kazini.

"Na alikuwa amenipigia kwa nini, mama?"

"Kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha."

Sasa sikiliza, mpenzi msomaji. Mtu anaweza kuniambia kwamba basi nimesamehewa na habari imekwisha. Mimi sioni hivyo. Fahari ya mzee ilikuwa yake, naye aliitengeneza mwenyewe kutokana na kidogo nilichompa. Deni langu liko palepale. Aliniuliza habari ya mvua na sikumjibu. Lakini angalau najua sasa uzito wake, na deni ambalo mtu anajua kiasi chake hulala nalo vizuri kuliko lile la kukisia.

Picha elfu 11

Usiku huo, watoto wamelala, nilichukua simu yangu ya sasa nikaangalia ina nini. Ina picha zaidi ya elfu 11. Nyingine ni za chakula. Nyingine ni za nambari ya mita ya umeme, risiti, na kidole changu mwenyewe. Nipo katika vikundi 34 vya WhatsApp, kikiwemo kimoja cha harusi ambayo wenyewe wamekwisha kuachana. Nina jumbe za sauti za mama ambazo nilizisikiliza nusu nikasema nitamalizia. Hakuna bahasha inayopepesa kuniambia nafasi imejaa, chagua. Kila kitu kinakaa, kwa hivyo hakuna kilichowekwa.

Sisemi turudi kwenye mulika mwizi. Mimi mwenyewe singeweza; ningepotea njia kabla ya kufika ofisini. Vyombo hivi vimetufaa. Leo mama akiugua usiku, dawa inalipiwa kabla jogoo hajawika, na zamani ningesubiri mtu anayesafiri nimpe bahasha. Ninachosema ni kwamba chombo hakitakuchagulia la thamani. Baba alikuwa na nafasi ndogo akachagua saba. Mimi nina nafasi kubwa na sijachagua hata moja.

Kwa hivyo nimefanya mambo manne, nawe ukipenda uyaige. Kwanza, nimenakili zile arafa saba kwa mkono, kwenye daftari la jalada gumu, pamoja na tarehe zake. Hata ile tupu ya mama nimeiachia mstari wake. Betri itakufa tena, lakini wino haudai nambari ya siri.

Pili, nimeandika nambari zangu muhimu kwenye karatasi, nikaifunga katika bahasha, na mama watoto anajua ilipo. Tusijidanganye kwamba sisi tutaishi milele. Siku hizi mali ya mtu, picha zake na maneno yake yamo nyuma ya kufuli la tarakimu chache, na si kila mtu ana mjane anayekumbuka nambari ya kahawa.

Tatu, lile gunia la vyombo nimelipeleka kwa wanaokusanya taka za aina hiyo hapa Nairobi, badala ya kulitupa jalalani. Droo sasa inafunga. Mama watoto amefurahi, ingawa anadai kwamba hali hiyo haitadumu zaidi ya miezi mitatu. Ananijua.

Nne, na hili ndilo lililonipa kazi kubwa, nimeanza kumpigia mama kila siku saa nne asubuhi. Siku ya kwanza alishtuka akaniuliza nani amekufa. Siku ya pili aliniuliza kama nimefutwa kazi, maana mtu mwenye kazi hana nafasi saa hiyo. Siku ya tatu alizoea. Hatuna mengi ya kuambiana. Anaanza yeye kila mara, kwa swali lilelile.

Mvua imenyesha kwenu?

Nami humwambia kama imenyesha au haijanyesha. Jumapili njema, msomaji wangu, na kama kuna mtu uliyemwambia utampigia, gazeti hili litakungoja. Tukutane wiki ijayo.